Aliyebaki Nyuma ya Msafara

4 Februari

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa dirishani, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, si juu ya ngazi ukishusha mabunda ya karatasi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema magoti yake siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Mdogo wangu kapata kazi kwenye kiwanda cha maziwa, zamu ya asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe anaamka bila kumwagiwa maji.

Sasa jambo lenyewe. Maktaba yetu imepakwa rangi, ina viti vipya, na haina watoto. Huja wakati wa mitihani, wakainamia madaftari, wakaondoka. Mkuu wangu amenipa chumba cha nyuma kila Jumamosi asubuhi mpaka mwisho wa Julai, nifanye "jambo la vijana". Wenzangu walidhani nitaanzisha klabu ya insha. Mimi nimewaambia ni Msafara.

Najua utacheka. Lakini mimi nimekulia chini ya ile meza yenu, Mama Mkubwa. Kabla sijajua kusoma nilijua kwamba mtu mzima anaweza kutupa dadu mbili, akapata tatu, akashika kichwa kwa sababu daraja ambalo halipo limevunjika. Sijaona tena watu wazima wakicheza hivyo bila haya, na nataka watoto hawa waonje raha hiyo.

Nimeshabandika tangazo: "Mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji huwa msafiri, msimulizi hueleza njia, dadu huamua hatari." Akaja kijana mmoja, akauliza kama ni maandalizi ya mtihani. Nilipomwambia sivyo, akanipa pole.

Kitabu cha sheria sina, changu kilinyeshewa siku tulipohama. Waweza kuniazima kimoja? Na unipe siri: ninyi wenzetu mlipataje watu?

Mwanao mkutubi


26 Februari

Marahaba mwanangu,

Miguu iko juu ya kigoda. Ngazi nilipanda juzi tu, na nilishuka mzima, kwa hiyo hakuna kesi. Mwambie mama yako magoti yangu na yake yametoka tumbo moja, asijifanye mtabiri peke yake. Huyo wa kiwanda cha maziwa nimemfurahia. Asinywe bidhaa.

Sikucheka. Nilipoisoma barua yako nilihesabu viti vyetu. Tumebaki watatu mezani: Mkunga, ambaye amestaafu lakini bado anaamrisha watu wasukume, Dereva, anayekuja na miwani miwili na kusahau yote, na mimi msimulizi. Msafara wa watu wawili, mwanangu, si msafara. Ni watu wawili waliopotea. Tukiondoka sisi, mchezo tulioutunga mimi na Baba yako Mkubwa umekwisha, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo.

Kitabu nimekituma pamoja na barua hii. Viko viwili, kimoja cha kuazima na kimoja changu, na vyote nilivijalidi mwenyewe katika wiki moja, kitambaa kilekile cha kijani na uzi uleule. Usikikunje mgongo. Usikiwekee kikombe juu. Mgeni asome sura tatu za kwanza ndipo aguse dadu. Karatasi ya msafiri ijazwe yote, hata kama itachukua saa mbili: kazi yake, mwili wake, anachokipenda, anachokiogopa. Dadu za hatari azitupe msimulizi, nyuma ya kiwambo, kile kibao cha karatasi ngumu cha kukunja nilichokufungia pamoja na kitabu, wachezaji wasione kilichoanguka. La kiwambo usiliguse.

Na asiyefika siku ya mchezo hafutwi. Unaandika juu ya karatasi yake "Kabaki nyuma", yaani kabaki nyuma kutengeneza gurudumu au kutafuta punda, na siku akija anawafikia wenzake. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu lake lipo. Sheria hiyo aliitunga Baba yako Mkubwa, kwa kuwa fundi redio hajawahi kufika mahali kwa wakati.

Unauliza tulipataje watu. Hatukubandika kitu. Tulicheka, na dirisha lilikuwa wazi.

Mama yako Mkubwa


30 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Kitabu kilifika salama, hakijakunjwa mgongo wala kuona kikombe. Mama amepata dawa mpya ya kuchua, nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Mdogo wangu anakunywa bidhaa.

Nikubali kosa kabla hujaliuliza. Jumamosi ya kwanza walikuja tisa, marafiki wa marafiki. Niliwasomesha sura tatu kama ulivyoagiza. Mwisho wa sura ya pili walibaki wawili, mmoja kwa sababu alikuwa amelala. Basi nikazifupisha sheria zako zote kwenye ukurasa mmoja, huu niliokuambatishia. Usinirushie kitu. Nikaacha mlango wazi kuelekea ukumbi wa kusomea, nikaanza na wale wawili. Nikawaambia: mko mtoni, punda hataki kuvuka, mnafanyaje? Aliyekuwa amelala akasema, "Namwimbia." Akamwimbia punda kwa sauti ya kutisha. Waliokuwa ukumbini wakaja kutazama kuna nini. Sasa wako saba, na hakuna hata mmoja aliyezidi miaka kumi na minne.

Kinara wao ni binti wa miaka kumi na miwili wanayemwita Kifutio, kwa kuwa kifutio hakimtoki mkononi. Anafuta, anaandika, anafuta tena mpaka karatasi inatoboka. Kajaza karatasi ya msafiri mara tatu na mara zote kaichana, hakuna anayemridhisha. Nikafungua jalada la nyuma la kitabu kutafuta karatasi tupu, nikaona umegundisha mfuko, na ndani mna karatasi iliyokwisha kujazwa. Bwana Funguo, fundi kufuli. Vidole vinne mkono wa kushoto. Anaogopa mbwa. Anadai hajawahi kupotea. Na juu yake, kwa penseli nyekundu: Kabaki nyuma.

Nikampa. Akaisoma yote, akauliza, "Huyu kabaki nyuma tangu lini?"

Nikasema sijui.

"Basi kachoka kusubiri. Tumfuate."

Wenzake wakakubali, Mama Mkubwa. Msafara mzima uligeuka ukarudi nyuma siku tatu kumtafuta mtu wasiyemjua. Walimkuta kakaa juu ya sanduku barabarani, na Kifutio akasema kwa sauti nzito, "Sijapotea. Ninyi ndio mlikuwa mmepotea."

Jambo la mwisho. Wamekikataa kiwambo. Kifutio aliniuliza mtihani gani huo ambao msimamizi ndiye anayejibu. Nikakikunja. Sasa kila anayekutwa na hatari anatupa dadu mwenyewe, mezani, tukitazama sote.

Mwanao mkutubi


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Kitabu ulicho nacho si cha kuazima, ni changu. Nilivijalidi vikafanana mno, na macho nayo siku hizi yananipumbaza. Niligundua niliposoma barua yako.

Kitabu kaa nacho. Karatasi iliyokuwa mfukoni nirudishie, wala usingoje Jumamosi. Mtoto asiiandike, asiifute, asiikunje. Kiwambo kirudishe mezani.

Usinipigie simu juu ya jambo hili. Ikilia nitajua ni wewe, na sitapokea.

Mama yako Mkubwa


9 Mei

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mama anakusalimu sana. Nimemwambia umeandika, sikumwambia ulichoandika. Mdogo wangu amepandishwa, sasa anasimamia mashine ya kufunga vifuniko na anatueleza habari zake tukitaka tusitake.

Sikuituma karatasi. Nimekaa na barua yako siku kumi na tatu, na kila siku naona nimekosa kwa namna tofauti. Nisamehe. Lakini lazima nikuambie ilivyo.

Kwanza, imeshafutwa. Kifutio amefuta kitu kimoja tu: yale maneno mekundu ya juu. Nilipomuuliza akasema, "Si tumeshampata?" Na pale penye "anaogopa mbwa" kaongeza kwa herufi ndogo, "lakini anajifunza".

Pili, tumekwama pabaya. Wamo ndani ya handaki la mgodi wa zamani, maji yanapanda, mbele kuna lango la chuma lililofungwa. Wa kulifungua ni Bwana Funguo peke yake, na kufuli yenyewe mbovu: akiiachia, lango linajifunga. Kifutio akasema, "Pitaneni. Mimi nashika." Wakapita wote sita. Imebaki zamu yake, na kwa kuruka lango zito linaloanguka kitabu chako kinataka tisa au zaidi. Alikuwa ameshachukua dadu wakati kengele ya kufunga maktaba ilipolia. Kisha mitihani ikaingia na chumba kikafungwa. Tutarudi Jumamosi ya tarehe 14 Juni.

Wananisimamisha njiani kuniuliza. Mmoja aliniuliza nikiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Nikiichukua karatasi hiyo sasa, Kifutio ataondoka, na wale sita wamekuja kwa ajili yake. Mchezo utakufa huku pia.

Lakini wewe ni mama yangu. Ukisema tena, nitaituma siku hiyohiyo. Nangoja neno lako.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo. Mkunga ameng'olewa jino na anakusalimu kwa upande mmoja. Dereva kapata miwani ya tatu.

Barua hii nimeianza mara nne. Najua leo ni tarehe kumi na moja na posta yetu haina mbio. Pengine nimechelewa makusudi, sijui. Ikikufikia kwa wakati, fanya ninachokuomba, isipokufikia, basi.

Baba yako Mkubwa ndiye aliyekuwa Bwana Funguo mezani, miaka tisa. Alikuwa mchezaji asiye na breki. Kwenye shimo anaruka, kwenye moto anaingia. Mimi nyuma ya kiwambo natupa dadu, naona nne, na wote wananitazama, naye ananitazama. Nikasema kumi. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikarudia, kisha sikuhesabu tena. Yeye alikuwa akishusha miwani puani na kusema, "Nina bahati sana mimi, mke wangu."

Alipolazwa, niliandika "Kabaki nyuma" juu ya karatasi yake kama sheria inavyosema. Daktari aliniita koridoni akanieleza. Maneno yake yalikuwa mafupi. Nikaingia wodini, nikavuta kiti, nikamwambia mume wangu kwamba ugonjwa unapungua.

Akashusha miwani. Akaniuliza, "Umesoma kilichoanguka?"

Nikamjibu, "Nimesoma."

Akatikisa kichwa, akaomba maji. Aliishi siku tisa baada ya hapo, na siku zote tisa tuliongea habari za redio ya jirani na paa linalovuja. Hatukuagana, mwanangu. Mtu anayepona haagwi.

Kitabu kina sura ya msafiri anapokufa. Mkunga aliileta mezani baada ya mazishi, nikamwambia afunge kitabu, huyu kabaki nyuma. Mwaka wa sita sasa.

Ninachokuomba ni hiki. Kirudishe kiwambo kwa Jumamosi hiyo moja. Utupe wewe. Chochote kitakachoanguka, sema kumi.

Mama yako Mkubwa


2 Julai

Shikamoo Mama Mkubwa,

Leo habari za nyumbani zingoje.

Barua yako ilifika tarehe 24, siku kumi baada ya mchezo. Niliisomea stoo, kati ya rafu za magazeti ya zamani, nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna bomba limepasuka.

Kifutio alitupa mwenyewe, juu ya jalada lako la kijani. Mbili na tatu. Tano.

 Kisha yule mwimbaji wa punda akasema, "Arudie." Wengine wakadakia, arudie, arudie. Wakanigeukia mimi. Mama Mkubwa, nilikuwa tayari kukubali. Sikuwa nimeisoma barua yako, na bado mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Kifutio ndiye aliyekataa. Alisema, "Tukirudia, basi hakutuokoa."

Halafu wale watoto waliokimbia sura tatu wakakichukua kitabu wenyewe, wakaitafuta sura ya kumi na tisa, ile ya msafiri anapokufa, wakaisoma yote kwa sauti. Wakasimama kama ilivyoandikwa, kila mmoja akasema jambo moja analolikumbuka juu yake. Mmoja alisema alikuwa mwongo wa njia. Mwingine akasema alimpa mbwa wa mgodini nusu ya mkate huku anatetemeka. Kifutio alisema, "Tulimfuata, na akaja nasi." 

Sasa zamu yangu ya kusema nilichokificha. Nilikuandikia kana kwamba sikujua ile karatasi ni ya nani. Niliujua mwandiko siku ileile nilipofungua jalada. Baba Mkubwa ndiye aliyeandika jina langu kwenye madaftari yangu yote ya shule. Ningeweza kuirudisha mfukoni. Nilimpa mtoto makusudi, kwa sababu nilichoka kuja kwako kila mwaka na kukuta kiti chake kimevutwa kidogo, kama mtu aliyetoka kujibu simu. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia, nikamtuma mtoto asiyejua. Hilo ni kosa langu, na naliombea msamaha peke yake.

Sura inasema karatasi ya marehemu igongwe muhuri wa msafara. Kifutio amekataa niugonge. Anasema muhuri hugongwa na wa kwao. Aliniuliza kama Bwana Funguo ana mtu. Nikamwambia yuko mke. Karatasi naituma, pamoja na barua yake, kama alivyoiandika:

"Kwa mke wa Bwana Funguo. Pole sana. Tulimwacha langoni lakini si kwamba hatukumpenda, maji yalikuwa mengi. Alisema tupite na hakusema kwa hasira. Mimi ndiye niliyefuta maneno mekundu bila ruhusa. Kama unataka niyarudishe, penseli nyekundu ninayo."

Mkuu wangu alipita mlangoni siku ile, akaona watoto saba wamesimama wima kimya, akadhani nimewapa adhabu. Nilipomweleza, aliketi. Tumepewa chumba mpaka mwisho wa mwaka.

Mwanao


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa ile niliyokupa kwa hasira mwezi wa nne.

Umekosa, na nimekusamehe. Mimi pia nimekosa, na wa kunisamehe hayupo, kwa hiyo nilifanya lililowezekana. Barua ya huyo binti niliisoma nimesimama mlangoni, hata mkoba sijautua. Kisha nikawaita Mkunga na Dereva.

Tulisimama. Kusimama kwenyewe kulichukua muda. Dereva alisema, "Alikuwa anachelewa, lakini hakuwahi kukosa." Mkunga alisema amezalisha watoto wengi na hajaona mwanamume mwingine aliyezimia kwa kusimuliwa uzazi tu. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Nilimdanganya, alijua, na hakuniaibisha." Mkunga akanishika mkono, akaniambia walijua pia, miaka yote tisa. Kumi zangu zilikuwa nyingi mno. Basi nilikuwa nimejificha peke yangu nyuma ya kile kibao, wenzangu wote wananiona.

Nikaugonga muhuri. Umekaa upande kidogo. Kiti nimekisogeza ukutani. Nililia siku mbili, na siku ya tatu nikala vizuri.

Mwambie Kifutio maneno mekundu asiyarudishe. Mwambie mke wa Bwana Funguo ameipokea pole yake, na kwamba hiyo ndiyo pole ya kwanza aliyoipokea.

Pamoja na barua hii utakuta kifurushi. Nimeuchapisha ule ukurasa wako mmoja, ambao uniwie radhi, ni bora kuliko sura zangu tatu, nikashona vijitabu vinane. Nilikosa karatasi ngumu ya majalada, nikakumbuka kiwambo changu mwenyewe, kile kikubwa cha mezani. Kilitoa majalada kumi na sita kamili, mbele na nyuma. Saba ni vya watoto. Wakikunja mgongo, waache wakunje.

Cha nane ni changu. Nakuja Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Miaka thelathini na mmoja nimesimulia safari za watu wengine, na sijawahi kuwa na msafiri wangu hata siku moja. Mwambie Kifutio anitengenezee mmoja, mwanamke, asiwe fundi wa vitabu kama mimi. Anachokiogopa nitakijaza mwenyewe nikifika. Dadu zangu nitazitupa mwenyewe.

Mabasi ya siku hizi unayajua, na magoti yangu unayajua zaidi. Nikichelewa, wasinisubiri. Aandike juu ya karatasi yangu kwamba nimebaki nyuma, nitawafikia.

Aandike kwa penseli.

Mama yako Mkubwa